Fundi Kaza na Nati ya Ijumaa

Wasifu wa marehemu, unasomwa na kaka yake mkubwa leo, Jumamosi tarehe 10 Februari 2024

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kaza, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mtia makaa kwenye injini za gari moshi na mama mshonaji. Tarehe hiyo ni sahihi. Cheti chake kinasema 17, lakini karani aliyekiandika hakuwapo, na mama alikuwapo. Marehemu alilieleza jambo hilo katika kila ofisi aliyoombwa cheti, na kila ofisi ilimwona msumbufu. Tangu utotoni hakupokea kitu bila kukigeuza. Akipewa kikombe cha maziwa, kwanza alikiinua akatazama chini yake. Mama akimuuliza, "Unatafuta nini, wewe?" alijibu, "Nitakijua nikikiona."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na tangi la maji la reli, kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika tabia njema, kwa sababu mwalimu akiandika jibu ubaoni, yeye alilikokotoa upya chini ya dawati. Mara mbili alimkuta mwalimu amekosea. Mara zote mbili alichapwa. Baba alifariki Novemba 1961, na masomo yakaishia hapo. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, akiandika pembeni kwa penseli neno moja tu: "Hakika?" Siku hizi mtu anaiuliza simu, simu inamjibu, naye anaondoka ameshiba. Hakuna tena anayeandika "Hakika?" pembeni ya kitu chochote.

Februari 1963 aliingia karakana ya serikali kama mwanagenzi, chini ya fundi mkuu aliyeitwa Babu Grisi. Mzee yule alikuwa na mtindo wake. Kabla gari halijatoka karakanani, alilegeza nati moja kwa siri, kisha akawaita wanagenzi walikague. Aliyeiona alitakiwa kupaza sauti, karakana nzima isikie: "Nimeiona!" Aliyeipita alipelekwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Lakini aliyepatikana na kosa kubwa kuliko wote ni yule aliyeiona akaikaza kimyakimya. Huyo alifukuzwa siku hiyohiyo.

"Asiyeona nitamfundisha," Babu Grisi alikuwa akisema. "Lakini mtu anayeona kasoro akanyamaza, mimi silali usingizi na gari lake liko barabarani."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Haikuwa na cheti cha kutundika ukutani, wala semina yenye chai na mkoba wa kwenda nao nyumbani. Leo kijana anachomeka mashine kwenye gari, mashine inamwambia gari linaumwa nini, na isipomwambia kitu, basi gari ni zima. Marehemu aliona nati nyingi kuliko wenzake wote, akapaza sauti mpaka ikamkauka, na kwa kuwa kila alipoiona alimalizia kwa kujiamrisha mwenyewe, "Kaza!" jina likamganda.

Mwaka 1979 alifungua karakana yake pamoja na rafiki ambaye walikuwa wanagenzi pamoja. Jumapili moja ya Mei 1983 rafiki huyo aliondoka na vifaa vyote, hata ile mbao ya ukutani iliyochorwa umbo la kila spana. Marehemu alikaa akiutazama ukuta mtupu mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo hakumpa mtu kisogo akiwa kazini. Baadaye aliajiriwa kutunza magari ya wagonjwa ya hospitali moja, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2002. Katika miaka yote hiyo hakuna gari lililomwacha mgonjwa njiani kwa uzembe wake. Jambo hilo halikuandikwa popote, wala hakupewa hata saa ya ukutani.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973. Siku ya kwanza alipokwenda ukweni alikaribishwa kiti cha mbao. Kabla ya kukaa alikipindua, akaitazama miguu mmoja mmoja, akakisimamisha tena, akasema, "Samahani, baba. Huu mguu wa nyuma umeachia. Nimeuona."

Mama mkwe alinuna. Baba mkwe alicheka mpaka akatoa machozi. Kiti kile kilikuwa kimeshawaangusha wachumba wawili, na kiliwekwa pale makusudi.

"Huyu aoe," akasema mzee. "Huyu hatamwangusha."

Bibi harusi, ambaye leo ni mjane wake, alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na tangu saa ile alijua anaolewa na mtu wa namna gani. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye ni fundi umeme na anaishi mbali. Nyumba yao ilikuwa na utulivu, ukiacha kwamba mlango wa mbele ulikuwa na makomeo mengi kuliko madirisha ya nyumba nzima.

Mwaka 2004 marehemu aliburuta kwa kamba, mpaka nyuma ya nyumba, gari bovu lililokuwa la wapima ardhi. Lilikuwa fowili, yaani lile gari la bati tupu ambalo magurudumu yote manne yanavuta, lililokwenda kusikokuwa na barabara kabla ndugu zake hawajalainishwa na kufanywa magari ya kupelekea watoto shuleni. Kutu ilikuwa imeila chesisi ikabaki kama biskuti iliyoloweshwa, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Akaliita Kobe, akalipandisha juu ya mawe.

"Hili nalo ni gari," mkewe akauliza, "au ni banda la kuku lenye magurudumu?"

"Magurudumu bado," marehemu akajibu. "Yanakuja."

Alilihangaikia peke yake kwa miaka kumi. Gari lilisogea kidogo, yeye alizeeka sana. Ndipo Jumamosi moja ya mwaka 2014 wakaja watu watatu wakasimama kwenye uzio: Mchomeleaji, Daktari wa Meno, na mama mwenye duka la vipuri tuliyezoea kumwita Mama Vipuri. Walikuwa wa kile kikundi cha watu wanaotafuta matope siku za mapumziko, wakipandisha magari ya zamani milimani kwa raha zao.

"Shikamoo, mzee," akasema Mchomeleaji. "Tumesikia una Kobe."

"Marahaba. Mmesikia kwa nani?"

"Kwa watu tu."

"Watu gani?"

Mchomeleaji akamtazama Mama Vipuri. Mama Vipuri akatabasamu. "Tunaomba tukusaidie, mzee wangu. Kila Jumamosi, ukiruhusu."

"Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Tunayapenda tu haya magari."

Jibu hilo ndilo lililowaharibia. Katika umri wake wote marehemu alikuwa hajapata kumwona mtu anayeingia uvunguni mwa gari la mwenzake bila kutaka kitu. Hata hivyo aliwafungulia, kwa sababu gia za Kobe zilihitaji mikono yenye nguvu na yake ilikuwa imeanza kumgomea. Lakini aliamua kuwapima kwa kipimo pekee alichokiamini. Kila Ijumaa jioni aliingia uvunguni akalegeza nati moja. Jumamosi alikaa kwenye kigoda, sikio likiwa wazi, akingoja sauti.

Hakuna aliyepaza sauti. Jumamosi ya kwanza walipoondoka, aliingia uvunguni kuitazama nati yake. Imekazwa. Wiki iliyofuata akalegeza nyingine, mahali pengine. Imekazwa, na kimya. Nywele zilimsimama. Alikuwa na mtu uani kwake anayeona kasoro akanyamaza, yule hasa ambaye Babu Grisi asingemwacha alale chini ya paa la karakana yake.

"Kuna mwizi kati yao," akamwambia mkewe.

"Ameiba nini?"

"Bado."

"Sasa mwizi gani anayekuja kukukazia nati?"

"Hao ndio wabaya zaidi, mama. Huyo anajizoesha."

Basi akawa anawatega. Alilegeza nati upande wa Mchomeleaji, akalegeza penye kabureta alipopenda kukaa Daktari wa Meno, akalegeza kwenye kiti alichokalia Mama Vipuri akinywa chai. Zote zilikazwa. Akahamisha kigoda, akaning'iniza kioo cha pembeni cha gari kwenye kamba ya nguo ili aone migongoni mwao, akawatazama mifuko walipoaga. Hakupata kitu. Kuwafukuza hakuweza, kwa kuwa Kobe alikuwa anafufuka. Mchomeleaji aliishona chesisi kama mtu anayeshona shuka la mama yake. Daktari wa Meno, aliyezoea kazi za kwenye vinywa vidogo, alizibua matundu ya kabureta ambayo jicho la kawaida halikuyaona. Mama Vipuri aliibua kutoka rafu za nyuma za duka lake vyuma ambavyo mafundi wa leo hawajui hata majina yake. Hata injini iliponguruma kwa mara ya kwanza, Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 2019, wale watatu walikumbatiana wakirukaruka uani. Marehemu alikuwa chini ya gari, akichungulia.

Juni 2021 alipata kiharusi. Kilikuwa chepesi, walivyosema madaktari, na neno hilo lilimuudhi, maana hakikuwa mwilini mwao. Mkono wa kulia ulidhoofika, na kumbukumbu ikaanza kumchezea. Vidonge alivipanga mezani akavilinganisha na vya jana kabla ya kumeza. Binti yake alimwambia, "Baba, mimi ndiye niliyekuletea." Akajibu, "Wewe nakujua. Aliyekupa wewe je?" Mengi aliyaacha kwa sababu ya ugonjwa ule. Nati ya Ijumaa hakuiacha; alijikokota uvunguni akailegeza kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2022 ilipangwa Kobe apande kilima cha machimbo, barabara ya mawe matupu yenye bonde upande mmoja. Mkewe, baada ya kulitazama gari lile kwa miaka kumi na minane kama mtu anavyomtazama mke mwenza, alikubali kupanda. Alijifunga kitambaa kichwani, akakaa mbele. Mchomeleaji akashika usukani. Marehemu alikuwa barazani kwenye kiti chake, blanketi magotini, akiwasikiliza wakiwasha. Hapo ndipo ilipomjia: jana alilegeza nati. Na hakukumbuka ipi.

Akajaribu kuirudisha jioni ya jana kichwani, akakuta patupu. Gurudumu? Breki? Stelingi? Angesema, ingebidi waambiwe kwamba kwa miaka minane walikuwa wakitegwa kama panya na mtu waliyemwita mzee wetu. Nani angerudi tena Jumamosi? Naye bila wao hakuwa na gari, wala mtu wa kuongea naye habari za gari. Angenyamaza, angekuwa yeye sasa ndiye yule anayeona kasoro akafunga mdomo, na mkewe yumo ndani. Gari likaanza kusogea.

"Zima!" akapiga kelele. "Zima gari!"

Mchomeleaji akazima. "Kuna nini tena, mzee?"

"Kuna nati imelegea."

"Ipi?"

"Sijui."

"Sasa umejuaje kama imelegea?"

"Niliilegeza mimi, jana. Nimelegeza moja kila Ijumaa tangu mlipoanza kuja. Nilitaka kujua nani ataiona aseme. Mmoja wenu anaziona, anakaza, ananyamaza. Miaka minane namtafuta."

Daktari wa Meno alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe wapi! Ni mimi," akasema Mchomeleaji.

"Hebu nyamazeni," akasema Mama Vipuri, akaketi juu ya tairi la akiba. "Ni sote, mzee. Kila Jumamosi mmoja alikusalimia taratibu, wawili wakaitafuta. Tulipeana zamu."

"Na kwa nini hamkusema?"

Mchomeleaji akajibu akitazama viatu vyake. "Tulidhani unasahau, mzee."

"Nasahau nini?"

"Kukaza. Tulidhani ni umri. Tukasema, fundi mzima kama huyu, utamwambiaje kwamba ameacha nati? Si tutamvunjia heshima? Tukaona tukaze tu, yaishe."

Macho yalimtoka marehemu. "Mimi? Mimi nisahau nati? Miaka minane mnaniona mimi zezeta?"

"Na wewe miaka minane unatuona sisi wezi!" akasema Mama Vipuri. "Mimi nakunywa chai yako, kumbe niko mahakamani!"

Hapo hapakuwa na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Marehemu akashusha pumzi. "Haya. Ya leo mmeiona?"

"Ya leo hatujaiona," akasema Daktari wa Meno. "Tumeitafuta. Tukafurahi, tukajua leo umekaza zote."

Wakaingia kazini. Marehemu alisogezwa na kiti chake mpaka ubavuni mwa gari. Mkono ulikuwa umemwacha, lakini mpangilio wa Babu Grisi ulikuwa bado kichwani, na kwa kuwa uliingia akiwa kijana, ugonjwa haukuufikia. Alizitaja nati zote, kuanzia magurudumu, springi, breki, stelingi, mpaka ndoano ya nyuma, na kila aliyoitaja iliguswa na spana. Zote zilikuwa zimekaza. Uso ulimsawijika. Ama kuna aliyoisahau, ama ameanza kuota mchana, na hakujua lipi baya zaidi.

Ndipo mkewe, ambaye muda wote hakushuka kwenye kiti, akasema, "Mmeshamaliza?"

"Bado haijaonekana," akasema marehemu.

"Ilikuwa ya fimbo ya stelingi, upande wangu huu. Nimeikaza jana ulipoingia kuoga."

"Wewe! Umejuaje?"

"Kila Ijumaa unaingia uvunguni na spana, unatoka huna hata tone la grisi. Mtu aliyefanya kazi hutoka mchafu."

"Na hukusema!"

"Ningekuambia wewe, ungewafukuza. Ningewaambia wao, wangeondoka wenyewe. Na nyumba hii Jumamosi ndiyo siku pekee watu wanacheka. Nati nyingine niliwaachia wenyewe wapate kazi. Lakini ya stelingi, na abiria ni mimi? Hapana, baba." Akamgeukia Mchomeleaji. "Washa, mwanangu. Jua linapanda."

Walimnyanyua marehemu wakamkalisha nyuma, katikati ya Daktari wa Meno na Mama Vipuri, na Kobe akapanda kilima cha machimbo pole pole bila kukwama. Kileleni aliangalia mji chini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Babu Grisi angewafukuza nyote. Wa kwanza angekuwa mke wangu." Mkewe akasema, "Basi shuka kwa miguu." Kuanzia Ijumaa iliyofuata hakulegeza nati tena. Jumamosi uani kwake sauti zilisikika mpaka barabarani, watu wazima wakipiga kelele "Nimeiona!" kwa kila bolti lenye vumbi.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 11 Januari 2024. Hospitali walimhudumia, naye akawauliza maswali yote aliyokuwa nayo, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024 asubuhi, kitandani kwake, binti yake akimshika kifundo cha mkono na mkewe akiwa ameketi miguuni. Siku chache kabla, aliwaita wale watatu na familia. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini maneno yalikuwa yake.

"Skrubu moja ya jeneza iachwe imelegea," akasema. "Seremala achague, asiwaambie. Na safari hii, atakayeiona asikaze kimya. Apaze sauti."

"Mzee," akasema Daktari wa Meno, "mpaka huko unataka kutupima?"

"Ninyi tu? Nawapima wote watakaokuja."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano na kaka yake mkubwa. Ameacha pia Mchomeleaji, Daktari wa Meno na Mama Vipuri. Palikuwa na maneno katika familia kama hawa watatu waandikwe hapa, na ndugu mmoja aliuliza wanatafuta nini. Swali ni halali. Marehemu aliwauliza hivyohivyo siku ya kwanza kwenye uzio, akakaa miaka minane akingoja jibu, na alipolipata aliagiza waandikwe.

Jeneza mnaliona, liko juu ya mgongo wa Kobe. Nyuso nyingi zilizopo hapa hazikuonekana uani alipokuwa akiumwa. Hilo nalo limeonwa, na linasemwa kwa sauti kama alivyopenda. Seremala amefanya alivyoagizwa. Bisibisi anayo mjane. Basi mpite kumuaga, lakini msipite kama watu wanaopanga foleni, mtazame. Hatutamshusha mpaka mmoja wenu apaze sauti. Akishakazwa, apumzike kwa amani.